Mnyama anapochekesha katika shairi, funzo na lisubiri nje

Miongoni mwa maswali ambayo mtunzi wa mashairi ya watoto huulizwa humu nchini, hakuna linalonichosha kama hili: “Na funzo liko wapi?” Umeandika beti tano kuhusu kunguru aliyeiba sabuni ya kufulia akidhani ni kipande cha nazi. Mtoto akisomewa anacheka hadi anashika mbavu. Babake, aliyekuwa akijifanya kusoma gazeti, naye anacheka chini kwa chini. Kisha mswada unafika mezani kwa mhariri, na mhariri anataka funzo. Basi unarudi nyumbani, unabandika ubeti wa sita unaosema kwamba wizi ni tabia mbaya, na shairi linakufa papo hapo, kunguru na sabuni yake.

Leo nataka kulitetea shairi hilo kabla ya ubeti wa sita. Nazungumzia utungo wa kuchekesha kuhusu wanyama, uliotiwa picha, unaoweza kusomwa na mtoto wa darasa la pili na nyanyake wakacheka pamoja, ingawa huenda wakachekea mambo tofauti. Wahakiki wetu hawajaupa nafasi yoyote ya maana. Ukifungua vitabu vya nadharia ya ushairi wa Kiswahili utakuta tarbia, takhmisa, ukawafi, utenzi, ngonjera, na hoja chungu nzima kuhusu arudhi. Utungo huu, kama umetajwa, umewekwa katika fungu la “nyimbo za watoto”, yaani kwa lugha ya adabu, vitu visivyohitaji kuhakikiwa.

Nitazungumza nikiwa nimesimama Malindi na Kilifi, kwa sababu naamini huku ndiko malighafi ya utungo huu imejaa tele na ndiko inakopotezwa zaidi. Lakini hebu kwanza twende China.

Mwaka 1414 twiga alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa China, akiwa zawadi kutoka kwa mtawala wa Bengal. Mwaka uliofuata, 1415, Malindi yenyewe ikapeleka wake. Hizo ndizo zama za merikebu za amiri Zheng He, na wanahistoria wengi huamini kwamba hata yule twiga wa Bengal asili yake ilikuwa pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Wachina wa barazani hawakuwahi kumwona mnyama wa namna ile. Walichokuwa nacho ni habari za qilin, mnyama wa ngano ambaye hujitokeza tu pale nchi inapotawaliwa na mfalme mwadilifu. Basi Shen Du, mwandishi maarufu wa khati katika jumba la mfalme, akatunga utungo wa sifa, nao ukaandikwa juu ya mchoro wa mnyama yule akiwa na mchungaji wake aliyeshika kamba. Nakala za mchoro huo zipo hadi leo, mojawapo katika jumba la makumbusho la Taipei.

Huo basi ni ushairi wa mnyama uliotiwa picha, na mnyama mwenyewe ana uhusiano wa damu na Malindi. Alhasili mtunzi hakukusudia kuchekesha mtu. Alikuwa mtumishi wa serikali, na alijua nani anayemlipa. Ila tazama kilichotokea kati ya maneno na picha. Maneno yanasema huyu ni qilin: ana mwili wa paa na mkia wa ng’ombe, na kwato zake ni za huruma kiasi kwamba hazikanyagi kiumbe hai. Picha iliyo chini yake inasema, kwa utulivu kabisa, huyu ni twiga. Shingo ni ya twiga, mabaka ni ya twiga, na kamba iliyomfunga ni kamba. Maneno yanamsifu mfalme huku picha ikimtazama mnyama. Katika ule mwanya ndimo kicheko kinamozaliwa, na mtu wa Malindi anayeutazama mchoro ule leo ana haki ya kucheka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Huo mwanya ndio kipimo changu cha uhakiki. Picha ikirudia tu yaliyosemwa na ubeti, hiyo ni pambo. Ubeti nao ukieleza yote ambayo picha ingeonyesha, umemnyang’anya mchoraji kazi. Utungo wa picha unaofaulu ni ule ambao maneno na mchoro havikubaliani kikamilifu, kama mashahidi wawili wa ajali moja.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufunzwa jambo hili na Wachina wala Wazungu, kwa sababu tunalivaa kila siku. Kanga ni nini kama si utungo mfupi uliotiwa picha? Inasemekana hata jina lenyewe lilitokana na yule ndege wa madoadoa, kwamba vitambaa vya mwanzo vilifanana na manyoya yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 nguo hii imekuwa ikichapishwa, na jina la “Mali ya Abdulla” la Mombasa linajulikana na kila mama anayejua kuchagua doti. Sasa tazama kanga yenye jogoo, au samaki, au simba katikati. Ukisoma jina lililo chini yake, mara nyingi halimhusu jogoo hata kidogo. Linamhusu jirani. Jogoo yupo pale, kifua mbele, na maneno yanamlenga mke mwenza. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga ile anaona ndege mzuri mwekundu. Wanawake wanaokutana na mamake njiani wanasoma vita. Nguo ni moja na wasomaji ni wa rika mbili, kila mmoja akiondoka na chake, na hakuna aliyeuliza funzo liko wapi.

Nakiri kwamba historia yetu ya maandishi haikuusaidia sana utungo huu. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilipambwa kwa maua na mistari ya kupendeza, si kwa sura za viumbe, na sababu za kidini zinafahamika. Wanyama walikuwamo ndani ya maneno: ngamia na paa waliomlalamikia Mtume wana utenzi wao mzima. Walikuwamo pia katika ngano. Lakini mchoraji hakuwa na kiti katika baraza lile.

Hata hivyo, ulimwengu huo huo wa Kiislamu ndio uliotupa utetezi bora zaidi ninaoujua wa utungo wa wanyama wenye picha. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna, ambacho asili yake ni Bara Hindi. Kitabu hicho ni cha nathari, lakini hoja yake inatufaa. Katika utangulizi anaeleza makusudio yake bila kuona haya. Wanyama wamepewa ndimi ili vijana wapendao mzaha wavutiwe. Picha zimetiwa rangi ili nyoyo za wafalme zifurahi. Na kwa kuwa watu watakipenda, nakala zitaongezeka, mchoraji na mwandishi wapate riziki. Hekima ameiweka mwisho, kwa yule mwanafalsafa atakayejishughulisha kuitafuta. Tafadhali soma tena mpangilio huo: mzaha, rangi, riziki, kisha hekima. Wahariri wetu wameupindua juu chini, na wengi wao hawafiki hata kwenye rangi.

Kuna sababu ya pili inayotufanya tumwogope mnyama anayechekesha tu. Ushairi wetu mkuu umemfanya mnyama kuwa fumbo. Abdilatif Abdalla alipokuwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 alitunga, miongoni mwa tungo zilizokuja kuchapishwa katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973, shairi fupi liitwalo “Mamba”. Yule mamba wa mtoni anayejiona kwamba atadumu milele si mamba, na kila mtu anajua si mamba. Ni shairi zito na la kijasiri, na sina neno dhidi yake. Tatizo ni sisi wasomaji tuliokuja baadaye. Tumezoea kufumbua mafumbo hadi tukimwona mamba kwenye shairi la mtoto tunaanza kumtafuta waziri. Mwanafunzi wa shule ya upili akipewa shairi kuhusu panya, swali la kwanza kwenye karatasi ya mtihani ni “Panya anawakilisha nani?” Je, panya akijiwakilisha mwenyewe amekosa nini?

Linganisha na mamba mwingine. Mwaka 1865 Lewis Carroll alimtia mamba katika kitabu chake kuhusu msichana Alice. Kijishairi kile ni mzaha juu ya shairi la mawaidha la Isaac Watts, la mwaka 1715, ambalo watoto wa Uingereza walilazimishwa kulikariri. Lile lilimsifu nyuki kwa bidii yake. Carroll akamwondoa nyuki mwenye funzo, akamweka mamba mwenye tabasamu, na watoto wamekuwa wakimshukuru tangu siku hiyo. Tafsiri ya Kiswahili, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London mwaka 1940, na katika picha zake Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Yaani tumekuwa na kielelezo hicho kwa zaidi ya miaka 80. Tulichokiazima kutoka kwa Waingereza, kwa bahati mbaya, ni nyuki wa Watts.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Mtaala wa umilisi umeleta haja kubwa ya mashairi mepesi na nyimbo katika madarasa ya chini, na vitabu vimechapishwa kwa kasi. Nimevipitia vingi na sitavitaja, kwa kuwa ila zake ni za pamoja. Simba, tembo na twiga wamejaa kama wamekodishwa na kampuni ya utalii. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, basi. Sijui ni kosa gani fisi alilotenda hata akanyimwa ruhusa ya kuwa kitu kingine chochote. Picha nazo hutengenezwa mbali, na wachoraji ambao pengine hawajapata kumwona mnyama anayezungumziwa.

Mfano mmoja utatosha. Katika kitabu kimoja kuna shairi kuhusu kobe anayetembea polepole akielekea sokoni. Picha iliyo kando inaonyesha kasa, tena kasa kamili, yuko majini. Niliwahi kuwasomea watoto wa Watamu shairi hilo. Sikufika mwisho wa ubeti wa kwanza. “Mwalimu, huyo si kobe, huyo ni kasa! Kobe hana makasia.” Mwenzake akadakia kwamba huyo hata si kasa hivi hivi, ni ng’amba, tazama mdomo wake ulivyo kama wa kasuku. Darasa zima likaangua kicheko, na hicho ndicho kicheko pekee shairi lile lilichokipata siku hiyo.

Watoto hawa wanaishi mkabala na hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968. Lugha yao inatofautisha kobe, kasa na ng’amba bila kutoa jasho. Kitabu kilicholetwa kuwafunza Kiswahili kinawapunguzia Kiswahili. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala hili kama mchezo, ingawa linahusu michezo. Jina la mnyama halipotei siku moja. Hupotea pale mtoto anapolikuta jina moja shuleni likifanya kazi ya majina matatu ya nyumbani, akaamua kwamba yale mawili hayakuwa Kiswahili sanifu. Baada ya miaka kumi atasema “turtle”, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Na majina yenyewe ni ushairi tayari. Yule papa mkubwa mno asiyemdhuru mtu, mwenye madoa meupe mgongoni, wavuvi wetu humwita papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alipomuumba alipendezwa naye, akamtupia shilingi mgongoni zikang’ang’ania pale. Hebu niambie, ni mtunzi gani mwenye vina vyake vyote anayeweza kuliboresha jina hilo? Yeye ni tajiri wa bahari nzima na hana mfuko. Hapo kuna picha, kuna kichekesho kwa mtoto, na kwa mtu mzima anayehangaika na karo kuna kichekesho kingine kichungu zaidi. Mchoraji akitaka, atamchora mvuvi mmoja pembeni akiwa na kikokotoo mkononi. Ubeti usimtaje mvuvi huyo.

Ukitoka baharini ukaingia Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita mraba 420 hivi, utamkuta sange. Sange wa msitu huu ni kiumbe wa ajabu. Ana pua ndefu inayopekuapekua majani makavu mchana kutwa kutafuta wadudu, miguu myembamba, mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, na makalio ya rangi ya dhahabu. Wataalamu wa wanyama huja kutoka pembe nne za dunia kuyatazama makalio hayo. Je, mshairi wa Kilifi amepitwa na nini? Nimejaribu ubeti mmoja ili nisionekane nahubiri bila kuswali:

Nimemwona msituni, sange mpole, mwerevu,
Mbele kavaa huzuni, nyuma dhahabu angavu,
Pua yapekua ndani, penye majani makavu,
Kima yu juu mtini, adhani embe ni bivu.

Sidai kwamba ni ubeti mkubwa. Nautumia kuonyesha mambo mawili.

La kwanza ni la arudhi. Ule mgogoro wetu wa miaka ya 1970, ambao Euphrase Kezilahabi aliuchochea kwa Kichomi mwaka 1974, ulihusu kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au ni minyororo. Kwa watu wazima mjadala ule una maana yake. Kwa utungo wa kuchekesha, mimi niko upande wa arudhi, na siombi radhi. Kicheko kinahitaji saa. Sikio la mtoto likishapata “mwerevu”, “angavu”, “makavu”, tayari linangojea -vu ya nne, na linajua itafika wapi hasa. Neno “bivu” likitua mahali lilipongojewa lakini likiwa si lile lililotarajiwa, hapo ndipo mtu hucheka. Ukiivunja mizani, neno linafika kabla ya msikilizaji au baada yake, na kichekesho kinageuka taarifa. Mashairi mengi ya vitabuni yanaanguka hapa hapa. Vina vyake ni vya -a na -a tupu, mizani saba huku na tisa kule, halafu tunashangaa kwa nini watoto hawayakariri wakati wanakariri matangazo ya sabuni.

La pili ni la picha. Ubeti umeishia kwa kima kudhani. Hausemi alifanya nini. Kima wa huku kwetu wanafahamika na kila aliyewahi kufungua kitafunio karibu na magofu ya Gede, kwa hiyo msomaji ana fununu. Kazi ya mchoraji ni kuuchora ule mkono mrefu ukishuka taratibu kutoka tawini, na sange hana habari. Labda amchore sange ana habari. Hilo ni lake aamue. Ila mtunzi akiongeza mstari wa kusema “akanyosha mkono wake”, mchoraji hana budi kuchora ule ule mkono, na mtoto hana kitu cha kugundua kabla ya mwalimu. Kugundua kabla ya mwalimu ni nusu ya raha ya kitabu.

Watu wengine husema kwamba picha nzuri ni ghali, na kwamba rangi nne huongeza gharama ya kuchapisha. Ni kweli. Lakini utungo huu hauhitaji rangi nne. Kanga hutosheka na rangi mbili tatu. Katuni za magazetini, pamoja na za gazeti hili, zimewachekesha Wakenya kwa wino mweusi kwa miongo kadhaa. Kinachohitajika ni mchoraji aketi na mtunzi meza moja tangu mwanzo, si mtunzi kumaliza, mhariri kubandika funzo, kisha mtu wa tarakilishi kuambiwa, “Tafuta kobe uweke hapo.”

Najua pia kuna walimu watakaosema mtoto wa Ganze au Magarini anahitaji maadili kabla ya mzaha. Mimi naona anahitaji kwanza kupenda kusoma. Mtoto huyo nyumbani amesimuliwa ngano za Kigiriama zilizojaa hila, ulafi na matusi madogo madogo, na kila mtu akacheka. W. E. Taylor alichapisha mkusanyiko wake wa Kigiriama tangu 1891, kwa hiyo hatuwezi kusema hazikuwahi kuonekana kuwa na thamani ya kuandikwa. Kisha mtoto anakuja shuleni, anafungua kitabu cha Kiswahili, na kila mnyama aliyemo amevaa tai na anatoa nasaha. Ni nani angekifungua kitabu hicho mara ya pili kwa hiari yake?

Ubeti wa pili wa sange, ule wa kima, nimeuacha bila kuutunga. Nawaachia malenga wa Malindi, Kilifi, Mambrui na Takaungu, na mwingine yeyote anayeweza: mizani kumi na sita, kina cha kati -ni, cha mwisho -vu. Wachoraji nao wasingoje. Kwa penseli tu panatosha. Nitakaporudi kwenye mada hii katika safu, nitazihakiki tungo zitakazofika, na nitazihakiki kwa ukali ule ule ninaotumia kwa tenzi. Atakayeleta ubeti wa mawaidha, kima wake arudi naye nyumbani.